Kumbi Tatu na Sahani Moja

Jumamosi, 7 Machi

Nimeipata! Daraja la kwanza. Minneapolis hadi Ulaya, Ulaya hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Mombasa kile kidege kidogo kisicho na daraja lolote. Kiti kinalala kikawa kitanda. Kuna blanketi, kuna ndara, kuna pajama za kwenda nazo nyumbani. Naandika haya bafuni, mlango nimeufunga kwa komeo, maana mke wangu Khadijah yuko jikoni na uso wangu hauwezi kuficha siri.

Tiketi nimeikata kwa pointi. Pointi ni za kadi ya Khadijah, ile ya biashara yake ya sambusa. Kila gunia la unga, kila dumu la mafuta, kila kilo ya nyama anayonunua kwa kadi ile, pointi zinaongezeka. Miaka sasa hajazigusa. Alikuwa anaziwekea safari ya kwenda kumwona mama yake, Bi Kibibi, kule Mombasa, na alishasema ni Idi hii au basi. Mimi na yeye, viti viwili, huko nyuma karibu na choo.

Nilikaa kwenye kompyuta kwa nia safi kabisa nikate hivyo viti viwili. Lakini pale chini nikaona: pointi zile zile, kiti kimoja, daraja la kwanza. Na mwenye kiti hicho anaruhusiwa kuingia zile kumbi za wasafiri wa heshima pale uwanjani. Makochi. Maji ya moto ya kuoga. Chakula bila kulipa, ukimaliza unaongeza. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Khadijah nimemwambia pointi zimetosha mtu mmoja tu. Si uongo. Zimemtosha mtu mmoja vizuri sana. Kuhusu daraja la kwanza nimesema ni bahati, wamenipandisha wenyewe. Nikamkumbusha kwamba yeye hawezi kuziacha oda za Idi, na mimi sambusa zangu hufumuka kwenye mafuta. Akaendelea kukanda unga. Mwishowe akasema basi nenda wewe, ukambusu mama mkono kwa niaba yangu. Nilijisikia vibaya mpaka wakati wa futari.

Jumapili, 8 Machi

Leo Wamarekani wamesogeza saa mbele, kwa hiyo futari imechelewa bila kosa la mtu. Tulialikwa kwa Alwi. Alwi ni kaka yake Khadijah, ana duka la simu na manukato pale Cedar-Riverside. Mwaka juzi alikwenda Uchina kununua bidhaa, huko nyuma kukajaa, wakampandisha mbele. Mara moja tu katika maisha yake! Tangu siku hiyo hatujafuturu pamoja bila kuutembelea kwa maneno ule ukumbi alioingia. Kamba wakubwa kama kiganja. Taulo ya moto kama chapati. Mhudumu aliyemwita bwana mkubwa, na Alwi mwenyewe hana hata kimo.

Nilingoja amalize kamba wake. Nikamega hamri, nikasema polepole kwamba na mimi Jumamosi nitapita ukumbini. Na si ukumbi mmoja. Uwanja wetu una kumbi tatu ninazozijua, na nitaingia zote, na picha nitatuma kwenye kundi la familia. Alwi akaacha kutafuna. Sijawahi kula futari tamu kama ile.

Kisha akatabasamu. Akasema Mungu si Athumani, methali anayonipiga nayo tangu nilipomuoa dada yake, kwa kuwa mimi ni Uthman na yeye hachoki. Akauliza kama Jumamosi hatutakuwa bado tumefunga.

Tutakuwa bado tumefunga. Nilijua, bila shaka. Ila Ramadhani niliijua kwa upande mmoja wa kichwa na kumbi nilizijua kwa upande mwingine, na pande hizo hazijawahi kutembeleana.

Nikamjibu kwamba msafiri ana ruhusa ya kula. Alwi akasema ndiyo, msafiri. Alivyolitamka neno lile!

Jumatatu, 9 Machi

Nimekutana na Murhula kwenye maegesho ya magari. Murhula ni jirani yetu hapa Hopkins, Mkongo wa Bukavu, Mkristo mwema sana, anakaa chini yetu na hajawahi kulalamika tunapoamka kula daku. Anafanya kazi mapokezi kwenye ukumbi wa shirika nitakaloruka nalo. Mungu akikupa jirani wa namna hiyo, unataka nini tena?

Nikamuuliza kuhusu chakula. Akasema kipo kingi. Kuna kuku, kuna samaki wa ziwani, kuna wali na mboga, nguruwe wanamweka mbali na kibao chenye jina lake. Nikamuuliza kuhusu keki. Akacheka. Halafu akaanza, "Lakini vieux, kwanza usikie affaire ya masaa..." Nikamwambia mambo ya saa naelewa, mimi si mshamba, ndege ni ya saa tatu usiku na mimi sijawahi kuchelewa ndege. Akataka kuendelea. Nikamwambia tutaonana Jumamosi, aniwekee meza ya dirishani.

Watu wa kazi hizi wanapenda kufundisha.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda msikitini mapema kumwona Maalim Idarus. Nikamwambia nina rafiki. Akaniuliza rafiki yangu anaitwa nani. Nikasema ni mtu wa Eagan, hamjui. Akafunga macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Rafiki yangu, nikasema, anasafiri Jumamosi, ndege ya usiku. Je, mchana akiwa uwanjani anaweza kula? Maalim akasema kwa sisi watu wa Shafii, mtu akipambazukiwa mjini kwake hali amefunga, siku hiyo anaimaliza, hata akiwa na tiketi ya kwenda mwezini. Ruhusa ni ya aliyekwisha kutoka mjini kwake kabla ya alfajiri kuingia.

Moyo ulishuka mpaka kwenye soksi. Kisha ukapanda tena. Kabla ya alfajiri! Basi si nitoke kabla ya alfajiri?

Maalim akaongeza kwamba safari yenyewe iwe ya haja, si mtu anasafiri ili apate kula. Nikasema rafiki yangu anakwenda kumwona mkwewe mgonjwa wa miguu. Maalim akasema huyo ni rafiki mwenye mapenzi na wakwe zake, mwambie ampe Khadijah salamu zangu.

Jumatano, 11 Machi

Kuna jambo lilinisumbua. Kama uwanja wa ndege unahesabiwa ni mjini kwetu, nitakuwa nimetoka nyumbani bila kutoka mji. Nimeshinda na ramani. Kazini Eagan wamenikuta nayo ghalani nyuma ya maboksi, msimamizi akadhani natafuta kazi kwingine.

Lakini jawabu nimelipata na ni zuri ajabu. Uwanja haumo Minneapolis. Haumo Saint Paul. Na Hopkins, ndiyo kabisa, iko huko magharibi. Umekaa peke yake kati ya miji, hauna mwenyewe. Mtu akishafika pale kabla ya adhana ya alfajiri ni msafiri kamili, anakula mchana kutwa na malaika wanatazama pembeni.

Nimeifurahia akili yangu mpaka nikakosa usingizi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimefunga begi. Dogo, la mkononi. Mtu hawezi kuzunguka kumbi tatu akiburura sanduku.

Khadijah alikuwa ameandaa sanduku kubwa la mama yake. Mashuka, mafuta ya magoti, vitenge viwili, makopo ya maziwa, viatu laini vya mtu mwenye miguu inayovimba. Nikamwambia daraja la kwanza hawapendi masanduku makubwa. Akashangaa, alidhani huko ndiko wanakoruhusu mengi. Nikasema ni mambo ya hadhi. Akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukirudisha kabatini. Mwisho vikabaki viatu peke yake. Akavifunga kwa taulo, akaniomba nimpige mama picha ya video akivijaribu, na nisisahau kumuonyesha uso, maana mama hupenda kuonyesha miguu tu.

Nikaahidi. Huyu mwanamke ana moyo mzuri. Nitamletea zile pajama.

Jumamosi, 14 Machi

Uwanjani, bado giza

Nimefanikiwa. Khadijah nilimwambia natoka mapema kwa sababu ya theluji iliyotabiriwa. Theluji yenyewe ni vumbi tu. Alikuwa ameamka kunipikia daku. Nikasema sina hamu, nitakula njiani. Kwa kweli nilikuwa naacha nafasi tumboni. Mwenye akili haendi karamuni ameshiba. Akanitilia tende kwenye mfuko wa koti.

Teksi imenishusha kabla ya alfajiri kwa muda wa kutosha kabisa. Ukaguzi umepita. Simu ikaadhini mfukoni mwangu nikiwa upande wa ndani. Mimi ni msafiri! Nilitaka kumshika mtu mkono, lakini wote walikuwa wamelala kwenye viti.

Baadaye kidogo

Ukumbi wa kwanza, ule wa Murhula. Milango ya vioo, harufu ya kahawa na mkate. Murhula hayupo, zamu yake ni ya mchana. Dada wa mapokezi ana tabasamu la hoteli. Akaipitisha pasi yangu, akaangalia, akaniambia karibu sana, rudi jioni. Wasafiri wanaingia zikibaki saa tatu ndege yao iondoke, si kabla.

Nikamweleza mimi ni daraja la kwanza. Akasema ameona, hongera. Nikamweleza nimetoka nyumbani kabla ya alfajiri kwa sababu za kidini. Akasema anaheshimu dini zote, rudi jioni.

Affaire ya masaa. Murhula angenishika mashati aniambie.

Asubuhi

Ukumbi wa pili. Hawa wanataka kadi fulani nzito ya chuma. Ninayo kadi ya Khadijah, ya plastiki, imeingia unga kwenye pembe. Kijana wa mlangoni aliishika kwa ncha za vidole, akanirudishia kwa heshima.

Ukumbi wa tatu ni wa wasafiri wa mashirika mengine. Hapo hawakutazama hata kadi.

Nimepiga picha ya mlango wa kwanza, upande wa kushoto, yule dada asionekane. Nimeituma kwenye kundi la familia nikaandika: Nimefika. Khadijah akajibu Mungu aipokee funga yako, mume wangu, najua uko peke yako huko. Alwi akauliza mbona picha ni ya mlango.

Mchana

Njaa. Njaa haina adabu. Duka la pembeni yangu linauza mandazi ya Kizungu yenye tundu katikati, moto moto. Ninaruhusiwa kula. Hilo ndilo linaloniumiza. Nimetoka mji kabla ya alfajiri, nina haki zote za msafiri, hakuna wa kuninyooshea kidole. Lakini nikinunua andazi nitakuwa nimekula andazi, na kule ndani kuna kuku na samaki wa ziwani vinaningoja. Aliyeshinda mpaka mchana hashindwi mpaka jioni. Sitauza karamu kwa andazi.

Hata maji nimekunywa kidogo tu, mafunda mawili ya bombani. Maji nayo hujaza.

Alasiri

Nimezunguka uwanja wote kwa miguu. Nimesimama mbele ya mgahawa nikasoma bei kama mtu anayesoma gazeti. Bibi mmoja Mzungu aliniuliza kama ninajisikia vizuri. Nikamwambia mimi ni wa daraja la kwanza. Akasema oh, honey.

Jioni, ndani!

Nimeingia. Saa yenyewe ilipofika nilikuwa nimeshasimama mlangoni na begi langu. Murhula yupo zamu, tai shingoni, mtu mwingine kabisa. Akapitisha pasi, taa ikawa kijani, akaniambia, "Karibu, papa. Leo uko mutu mukubwa." Nusura nimkumbatie.

Meza ya dirishani. Kochi linakunyonya. Nimejipakulia: kuku vipande vitatu, samaki, wali, viazi, saladi ya pembeni kwa ajili ya rangi. Nimeiweka sahani mezani. Nimeisogeza kidogo ili ndege zionekane nyuma yake. Nimepiga picha. Haikuwa nzuri, mvuke uliingia kwenye kioo. Nimepiga nyingine. Sasa uma uko mkononi, namaliza sentensi hii tu kwa ajili ya kumbukumbu halafu

Jumapili, 15 Machi

Nyumbani. Hopkins. Ndiyo.

Nitaandika yote, kwa sababu nikikaa nayo kifuani yatanipasua.

Nilikuwa nimeinua uma. Murhula akaja akaniinamia sikioni, akasema madame wangu yuko mlangoni na bwana mmoja mfupi. Nikadhani ananitania. Khadijah hana tiketi, angepitaje ukaguzi? Kumbe uwanja huu unatoa vibali kwa watu wasiosafiri, waingie ndani kusindikiza watu wao. Nani aliyejua jambo hilo? Alwi, nani mwingine.

Wageni wasio na ndege hawaingii ukumbini, kwa hiyo nilitoka mimi. Jua lilikuwa bado. Kuku nilimwacha mezani, mzima, anatoa mvuke.

Walikuwa wamekaa kwenye viti vya nje ya ule mlango. Khadijah alikuwa amejitanda mtandio wake wa kutokea. Mapajani ana chombo cha mahamri, kingine cha mbaazi za nazi ambazo wakaguzi walizichungulia sana kabla ya kuziachia, na sambusa kwenye karatasi. Uji wa pilipili manga waliutupa, akasema, na ndio aliouhangaikia zaidi. Mchana kutwa alikuwa akiniwazia. Alisema hawezi kukaa nyumbani afuturu na watu akijua mumewe amefunga tangu alfajiri na atafungua peke yake kati ya wageni, bila hata mtu wa kumpa tende. Akanitazama uso, akasema nimesawijika, maskini. Nilikuwa nimesawijika kweli. Nikajisikia mdogo kama punje ya mtama.

Alwi akauliza kwa nini sikungoja tu nyumbani. Ndege ni ya saa tatu usiku, ukumbini ningeingia jioni, Maghribi ingeingia nikiwa humo humo ndani. Ningefunga siku yangu kama watu na kufuturu kwa kuku wao. Nilimwangalia. Wiki nzima nimeshinda na ramani na hilo halikunijia.

Hapo pangetosha. Lakini Alwi hawezi kukaa na simu ya mtu bila kufundisha. Akamwambia dada yake asisikitike, mwakani na yeye atakwenda, alete simu amuonyeshe pointi zimebaki ngapi na jinsi ya kuzipanga. Nikakohoa. Nikasema mbaazi zinapoa. Alwi tayari yumo ndani ya akaunti, anateremsha kidole. Kidole kikasimama.

"Shemeji," akasema, "points zote hizi ume-burn kwa seat moja? Hizi si zilikuwa za watu wawili?"

Khadijah aliniuliza kama ni kweli. Swali fupi. Jibu langu halikuwa fupi. Nilianzia kwenye upana wa kiti, nikapita kwenye blanketi, nikagusa mgongo wangu unaouma, nikafika kwenye oda za sambusa. Nilipomaliza alikuwa bado ananitazama vile vile. Hakupaza sauti. Alisema mama yake hukaa barazani kila Idi akiuliza kila mtu kama gari la kutoka uwanja wa ndege limeshafika. Akasema alikanda unga mpaka vidole vikakakamaa, na kila alipopitisha ile kadi dukani alikuwa akimwona mama yake. Basi.

Ningependa angenitukana.

Kisha akamuuliza kaka yake pointi hurudishwaje. Alivyokuwa mwepesi wa kufundisha! Kabla ndege haijaondoka, akasema, tiketi inafutwa na zinarudi zote. Bonyeza hapa. Halafu hapa. Nikiwa nimesimama pale na koti langu, nikaona daraja la kwanza linaondoka kwa kidole kilichokuwa na alama ya kuungua mafuta. Zikarudi. Akauliza viti viwili vya Jumatatu, huko nyuma. Vipo.

Viwili! Nikapata nguvu. Nikasema kweli, heri tuende pamoja, mimi na wewe, mambo yaishe.

Akasema viwili ni vyake na Alwi. Mama yao ana watoto wawili, na hakuna anayeitwa Uthman.

Alwi alifunika mdomo. Kumbuka, yeye mwenyewe Uchina amekwenda na Mombasa hajapita. Lakini machozi yalimtoka, niliyaona, sikudhani ana machozi mtu yule. Hata methali yake hakunipiga nayo.

Simu ikaadhini Maghribi. Khadijah akatoa tende moja akanipa mkononi. Ananikasirikia hivyo na bado tende ananipa. Nikaila. Nikala na hamri moja, kwa aibu, halafu nikakumbuka sahani yangu. Kuku yuko mle ndani, hatua chache tu, kosa lake nini? Nikasema naenda kuchukua begi.

Murhula akapitisha pasi yangu. Taa nyekundu. Akapitisha tena. Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Ah, pole, papa Uthman. Machine inakatala. Hauko tena passager." Begi aliniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Nyuma yake, kwa kupitia kioo, nilimwona mhudumu anaiondoa sahani yangu. Aliibeba kwa mikono miwili, ilikuwa nzito.

Jumatatu, 16 Machi

Wameondoka. Niliwapeleka mimi. Masanduku manne, likiwemo lile la Bi Kibibi, limejazwa tena mpaka likagoma kufungwa, Alwi alilikalia. Viatu amevibeba Khadijah mwenyewe kwenye mkoba, juu kabisa, ili asivitafute akifika.

Safari nzima hakuniambia ila mambo ya sambusa. Nyama iko kwenye friza. Manda za kufungia zimefunikwa kwa kitambaa kibichi, nisiziache zikauke. Oda zimebandikwa ukutani. Kadi ameniachia kabatini, ya unga na mafuta tu. Alilisema hilo neno la mwisho mara mbili.

Baada ya hapo nikapita msikitini kumsimulia Maalim Idarus, nikitafuta angalau faraja. Nikamwambia rafiki yangu yule hatimaye hakusafiri, ila Jumamosi alikaa na njaa kutwa, hakula chochote mpaka Maghribi. Angalau siku hiyo ameifunga? Maalim akauliza kama usiku wake alitia nia ya kufunga. Nikasema hapana, nia yake ilikuwa kuku. Na maji? Mafunda mawili. Maalim akasema basi rafiki yangu alikaa na njaa bure, na siku hiyo anadaiwa, ailipe baada ya Idi. Akaniambia nichague siku kabisa, nimwahidi. Nikasema Alhamisi ya baada ya Idi. Akasema mpe rafiki yako salamu.

Jumatano, 18 Machi

Sambusa zinafumuka. Za kwanza zilipasuka zote, nyama ikaelea kwenye mafuta kama mchuzi. Nimempigia Khadijah Mombasa. Alicheka. Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akanielekeza jinsi ya kubana ile pembe ya tatu kwa uji wa unga. Nyuma yake nilisikia sauti ya Bi Kibibi ikiuliza kama huyo ndiye Uthman wake.

Murhula amepanda juu kuuliza moshi ni wa nini. Amebaki akanisaidia kufunga sambusa. Zake hazifumuki.

Ijumaa, 20 Machi. Idi

Nimeswali, nimekumbatiana na watu, nimerudi kwenye nyumba tupu yenye harufu ya mafuta. Oda zote zimefika, nusu zikiwa na umbo la sambusa.

Wamenipigia kwa video. Bi Kibibi yuko kitini barazani, Khadijah kulia, Alwi kushoto na kanzu mpya. Viatu amevaa, na safari hii uso ulionekana pia. Bibi analia, anacheka, anamshika huyu, anamshika yule, kama anahofia watachukuliwa. Akaniambia Khadijah amemweleza kila kitu. Nikaganda. Ameelezwa, akasema, kwamba mkwe wake alikuwa na kiti cha wafalme, akakitoa dakika ya mwisho ili watoto wake wote wawili waje. Hajawahi kuona mkwe wa namna hiyo. Akaniombea dua ndefu, mpaka ya wajukuu ambao hatunao.

Khadijah alinitazama tu kwenye kile kioo kidogo. Niliona haya, niseme kweli. Niliona haya sana, nikataka kusema pale pale kwamba si hivyo, mama. Kisha Alwi akatikisa kichwa taratibu, nikanyamaza.

Nimekaa nikilifikiria jambo hilo. Na kwa kweli ukilitazama vizuri, kiti nilikitoa. Nilikuwa nacho, sasa sinacho, wao wako Mombasa. Mtu mwingine angepiga kelele pale mlangoni. Nimemsimulia Murhula hivyo, akanitazama kidogo, akasema anaenda kulala.

Mtu aliyetoa namna hiyo anastahili walau ile sahani.

Nimesoma kidogo kwenye kompyuta. Zipo tiketi za daraja la kwanza ambazo ukizifuta kabla ndege haijaondoka unarudishiwa zote. Zote! Mtu anakata, anaingia ukumbini, anakula, anafuta, anarudi nyumbani kwa treni, na hakuna aliyedhurika. Kadi iko pale kabatini. Haitakaa wiki nzima ikiwa na deni, Khadijah hatajua hata kama imetoka mahali pake. Na nimechagua ndege ya mchana, si ya usiku, ili ile affaire ya masaa isinisumbue. Mtu hujifunza.

Nimebonyeza. Alhamisi.

Sasa hivi nakumbuka Alhamisi ndiyo niliyomwahidi Maalim kulipa ile siku. Si neno. Msafiri ana ruhusa yake. Itabidi tu nitoke kabla ya alfajiri.